Randa ya babu: toleo adimu au aliibadilisha mwenyewe?

Ndugu yangu, umeuliza kama randa (zana ya kulainisha mbao) ya kampuni ya Stanley, namba 4, uliyorithi kwa babu, yenye mpini wa mninga na matundu mawili ubavuni, ni toleo adimu. Mimi naona mkono wa babu. Mninga ni mti wa kwetu, na namba 4 haikutoka kiwandani na matundu ubavuni. Mafundi huyatoboa ili wafunge ubao wa kuongoza randa wanaponyoosha kingo.

Hakikisha kwa hesi, yaani mistari ya mzunguko ya skrubu. Skrubu ya mpini ya Stanley ina nyuzi (mistari hiyo) 20 kwa inchi; boliti ya M6, ya kipimo cha milimita 6 kisicho cha Stanley, ikiingia vizuri kwenye chuma, tundu limekatwa upya. Kisu kipime pia: cha namba 4 kina upana wa inchi 2, kama milimita 51. Ukiona “MAR-25-02” (tarehe ya hataza, 25 Machi 1902) kwenye kitako, hicho hakikutengenezwa kabla ya 1902, ingawa kisu chaweza kuwa kipya zaidi.

Tafadhali usiipige msasa! Rangi kuukuu huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, na utafuta alama zake. Ukitaka kuiuza, ionyeshe kwanza kwa mjuzi wa zana za kale. Mpini huo ningeuacha palepale.