Chuo kisichotoza karo: kuna mtego?

SWALI: Mwalimu, hujambo? Binti yangu amepata nafasi Berea College, Kentucky, Marekani. Barua inasema hatalipa karo ya masomo, ila atafanya kazi chuoni. Shemeji yangu anasema hakuna cha bure duniani, mtoto anapelekwa kufagia vyoo vya wazungu. Chuo hiki ni cha nani?
Mama Nekesa, Bungoma

JIBU: Mama Nekesa, hongera kwanza. Shemeji ana haki ya kushuku, maana hata hapa Kisumu watu wanauziwa nafasi za vyuo visivyo na hata geti. Lakini Berea kipo, na hakijatoza karo tangu 1892.

Mwanzilishi wake, John G. Fee, alikuwa mtoto wa mwenye watumwa huko huko Kentucky. Akasomea uchungaji, akarudi akihubiri kwamba utumwa ni dhambi, na baba yake akamkatia urithi. Mwanasiasa tajiri, Cassius Clay, ndiye aliyempa kipande cha ardhi. (Ndiyo, jina lile lile alilozaliwa nalo Muhammad Ali, baba yake Ali aliitwa kwa kumbukumbu ya bwana huyu.) Mwaka 1855 Fee akafungua shule ya chumba kimoja. Jina alilitoa Matendo ya Mitume sura ya 17, na kutoka mstari wa 26 wa sura hiyo chuo kilipata kaulimbiu yake: Mungu ameumba mataifa yote kwa damu moja.

Majirani hawakupenda. Desemba 1859 walikuja na silaha, wakawapa walimu siku kumi wahame jimbo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha wakarudi, na katika mwaka wa masomo wa 1866–67 kulikuwa na wanafunzi 187: weusi 96, weupe 91. Utumwa ulikuwa umefutwa juzi tu, Desemba 1865!

Mwaka 1904 bunge la Kentucky likapiga marufuku weusi na weupe kusoma pamoja, sheria iliyoilenga Berea waziwazi. Chuo kikaenda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, kikashindwa 1908. Kikabaki na weupe, kikachanga pesa za kuwajengea weusi shule nyingine karibu na Louisville, Lincoln Institute. Hapo mimi sikipi maksi zote, kwa sababu hata kabla ya sheria hiyo rais wake, William Frost, alikuwa ameshaanza kuwapendelea watoto maskini wa kizungu wa milimani. Weusi waliruhusiwa kurudi 1950. Carter G. Woodson, aliyeanzisha wiki ya historia ya watu weusi mwaka 1926, aliwahi kumaliza masomo hapo Berea 1903, mlango ukiwa karibu kufungwa kwa weusi kama yeye.

Sasa kazi. Kila mwanafunzi, Mmarekani au mgeni, hufanya angalau saa kumi kwa wiki, na hulipwa kidogo. Wengine wako maktaba, wengine shambani, wengine hotelini Boone Tavern, na wapo wanaofuma vitambaa na kufunga mifagio ya kuuzwa. Si kama kulima shamba la hedimasta Ijumaa jioni. Kama Nekesa atashika ufagio, huyo mzungu anayesemwa na shemeji atakuwa ameshika wa pili, naye ametoka nyumba isiyo na pesa, kwa maana chuo huchukua wenye uhitaji tu. Ni chuo kidogo cha mashambani, wanafunzi kama 1,500, na pesa nyingi za kukiendesha hutoka kwenye mfuko uliojengwa na wafadhili kwa miaka mingi.

Bado mtatoa senti. Ada ya SEVIS (mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni), inayolipwa kabla ya mahojiano ya viza, ni dola 350. Kuhusu nauli na gharama nyingine, Nekesa aandikie chuo mwenyewe, ajibiwe kwa maandishi, na ahakikishe ana fomu ya I-20, ambayo chuo humpa mwanafunzi mgeni ili aombe viza. Mtu akiwaitisha pesa kwa M-Pesa ati aharakishe nafasi, mkatieni simu.