Upinde umepinda: je, moto utaunyoosha?

SWALI: Nimechonga upinde wa mkole wa sentimita 170, nguvu ninayotaka ni kilo 18 ukivutwa sentimita 70. Sasa nikifika sentimita 50 tu, mkono wa chini wa upinde unakunjika karibu na mshiko, na nikivua ugwe upinde unabaki umepinda sentimita 4. Nikiuchoma tumboni utanyooka?
Msomaji, Singida

JIBU: Utanyooka, halafu utapinda tena palepale. Moto hukaza tumbo, yaani upande unaomtazama mvutaji, lakini hausawazishi mkunjo. Hapo karibu na mshiko umeshatengeneza bawaba: sehemu fupi inabeba kazi ya mkono mzima, na nyuzi za mti tumboni zinasagika.

Usipaguse tena. Chukua kibao kilichonyooka cha sentimita 15, kitoboe katikati, upenyeze penseli. Upinde ukiwa na ugwe, telezesha kibao tumboni. Penseli itokeze kiasi cha kukaribia kugusa pale panapokunjika vizuri. Itakapochora ndipo pagumu, kwaruze hapo. Mikwaruzo kumi hivi, kisha vuta nusu mara thelathini ndipo utazame, maana mti huchelewa kuonyesha ulichopunguza. Funga mizani ya ndoano kwenye ugwe na usizidishe kilo 18, hata kama bado hujafika mbali. Mgongo, yaani upande unaotazama mbele, usiuguse kabisa. Nyuzi zake zikikatwa, upinde utavunjikia hapo.

Mikono yote ikikunjika sawa kwenye sentimita 55 au 60, sasa choma. Ufunge juu ya gogo lenye mbinuko, tumbo juu, ncha zikishushwa kuelekea mgongoni sentimita 4. Tumia mashine ya hewa ya moto ya kukwangulia rangi, sentimita 10 kutoka kwenye mti, dakika nne au tano kila kipande, mpaka rangi iwe ya chai ya maziwa iliyokolea. Ukiharakisha, juu hugeuka mkaa na ndani hakujaiva. Uache umefungwa hadi kesho yake.

Wengi huharibu hapa: wanauvuta siku hiyohiyo. Joto limefukuza unyevu, na mti mkavu mno hukatika mgongoni. Upime kwa mizani ya jikoni kila siku. Uzito ukiacha kuongezeka, uko tayari. Singida wakati wa kiangazi, tarajia wiki nzima au zaidi. Utakuta umeongeza kilo mbili tatu za nguvu, kwa hiyo malizia kusawazisha kwa mkono mwepesi, kwani tabaka lililoiva ni jembamba.

Ukiona tumboni mistari myembamba inayokatiza, nyuzi zimeshavunjika. Moto haufanyi lolote hapo, chonga mwingine.

SWALI: Sina mashine. Jiko la mkaa linafaa?

JIBU: Linafaa. Tandaza makaa mekundu yasiyo na ndimi za moto, upinde uwe juu yake sentimita 20, tumbo chini, ukiusogeza taratibu. Mgongo ukishindwa kuushika kwa kiganja, uondoe.