Laptopu ya kuhariri video kwa elfu 60

Mama uliyeulizia laptopu ya binti yako, kwa shilingi elfu 60, binti anayeanza kusomea video na usanifu hapo Kisumu atafaidika zaidi na laptopu ya mtumba iliyotoka ofisini kuliko mpya hafifu. RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) isipungue GB 16, na SSD (diski ya kuhifadhia mafaili) GB 512. Ikiwa na RAM ya GB 8, uliza kwanza kama inaongezeka. Laptopu nyingine RAM yake imelehemewa kwenye bodi, haiongezeki, basi umekwama.

Skrini ndiyo hudanganya wengi. Fungua picha ya uso wa mtu, uitazame kwa upande: rangi zikigeuka, iache, maana kazi itatoka tofauti ikichapishwa.

Dukani, andika powercfg /batteryreport kwenye Command Prompt (dirisha la amri la Windows) upate ripoti ya betri. Betri ikiwa chini ya nusu ya ujazo wa kiwandani, dai punguzo. Ingia BIOS pia, yaani mipangilio ya msingi inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Ikidai nenosiri, ondoka. Risiti iwe na namba ya mashine, isije ikawa ya wizi.