Je, muuguzi anaweza kutafiti afya ya akili na uongozi kazini?

Ndugu yangu wa Arua, Uganda, umeuliza kama muuguzi mwenye shahada anaweza kuingia katika utafiti wa afya ya akili na uongozi kazini, au kama uwanja huo ni wa wanasaikolojia peke yao. Anaweza, ila kila mtafiti huja na swali alilozoeshwa kuuliza na taaluma yake, na ni vyema ulitambue lako kabla ya kuchagua shahada ya uzamili.

Waliolijenga somo hili hawakupitia mlango mmoja. Herbert Freudenberger, aliyeandika mwaka 1974 kuhusu watu wa kujitolea walioishiwa nguvu katika zahanati ya bure huko New York, alikuwa mtabibu wa saikolojia, na Christina Maslach, aliyetunga dodoso la kupimia uchovu huo, ni mwanasaikolojia wa jamii. Michael Marmot ni daktari. Yeye na wenzake walianza mwaka 1985 kuwafuatilia watumishi wa serikali mjini London, wakaona kwamba wasio na usemi juu ya kazi zao walipatwa zaidi na maradhi ya moyo. Amy Edmondson, ambaye makala yake ya 1999 inahusu timu ambamo mtu husema kosa bila kuogopa kuaibishwa, alianzia katika uhandisi. Upande wa uongozi, James MacGregor Burns, ambaye maandishi yake kuhusu viongozi na wafuasi wao hutajwa sana, alikuwa mtaalamu wa siasa na historia.

Mimi mwenyewe nilikuwa ofisa utumishi kiwandani upande wa Jinja kabla ya kuwa msaidizi wa utafiti. Katika timu yetu, mwanasaikolojia alitaka kujua ni wafanyakazi wangapi wenye dalili za sonona, na mwenzetu aliyesomea biashara alitaka kupima mtindo wa uongozi wa wasimamizi wa zamu. Muuguzi ndiye aliyeuliza nani anapata usingizi baada ya zamu ya usiku, na kama yuko anayemeza dawa za kusinzisha kisha akasimama mbele ya mashine. Swali hilo halikuwamo katika dodoso lolote, lakini ndilo lililowafanya wafanyakazi wazungumze kwa kirefu, kwa sababu anayepanga zamu ni msimamizi, na hapo afya na uongozi vikawa jambo moja. Mchango wangu ulikuwa mdogo: nilisisitiza kwamba wasimamizi wasigawe dodoso wala kulikusanya, maana kibarua asiye na mkataba ataandika kuwa kila kitu ni shwari. (Jambo hilo nililijua kwa kukaa ofisi ya utumishi, si darasani.)

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 kuhusu afya ya akili kazini unapendekeza wasimamizi wafunzwe namna ya kuwasaidia walio chini yao, kwa hiyo wanahitajika watu wanaozielewa pande zote mbili.

Utakapopungukiwa, kwa maoni yangu, ni katika takwimu, na pia katika kujizuia: mhojiwa akilia, mkono wa muuguzi hutaka kutibu papo hapo. Kamati ya maadili itakuuliza utampeleka wapi mtu wa namna hiyo, nawe uwe umekwisha kuzungumza na kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya rufaa ya mkoa, au na Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, ukiwa Kampala. Baada ya kibali cha kamati, utafiti husajiliwa katika Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, na hatua hizo huchukua muda, hivyo zihesabu katika ratiba.

Ningekuwa wewe, ningesoma afya ya jamii, Makerere kwa mfano, ili nipate takwimu, kisha nikaomba msimamizi wa pili wa tasnifu kutoka kitivo cha biashara. Mwombe mapema, kabla hujaandika pendekezo, kwa sababu akiletwa mwishoni atakuongezea sura moja tu ya uongozi isiyoshikamana na nyingine.