Mjamzito, karatasi ya kolesteroli isikutishe

Mimba yangu ya pili ilipofika mwezi wa saba nilipima damu kwenye maabara moja hapa Kigoma. Majibu yakaja na vimshale vya kupanda, kimoja kwenye kolesteroli, kingine kwenye trigliseridi, yote mawili mafuta ya kwenye damu. Mama mkwe akasema, "Mwanangu, kuanzia leo mawese basi." Alisema kwa upendo. Lakini kiwango cha kawaida kilichochapwa pembeni kilikuwa cha mtu asiye na mimba, na hapo ndipo wengi tunapotishwa bure.

Mimba yenye afya hupandisha mafuta ya damu. Miezi ya mwanzo mwili huweka akiba, miezi ya mwisho huifungua. Estrojeni, homoni ya kike, hulisukuma ini litengeneze trigliseridi zaidi, na homoni za kondo la nyuma huipunguzia nguvu insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, ili mama atumie mafuta na sukari imfikie mtoto. Karibu na kujifungua trigliseridi huweza kufika mara 2 hadi 3 ya kiwango cha kabla ya mimba, na kolesteroli kuongezeka kwa takribani asilimia 25 hadi 50. Tena kolesteroli ina kazi: kondo huitumia kutengeneza projesteroni, homoni inayoutuliza mji wa mimba usijikaze kabla ya wakati.

Basi kula, mama. Migebuka, samaki wa ziwani kwetu, wa kuchemsha, maharage yenye kijiko cha mawese. Wekundu ule ni karotini, na mwili huigeuza kuwa vitamini A. Vya kukaanga kila siku na soda ndivyo vya kupunguza. Dawa ya kushusha kolesteroli usimeze bila daktari anayejua una mimba. Kipimo kirudie wiki 6 au zaidi baada ya kujifungua. Ila kama mafuta yalikuwa juu hata kabla ya mimba, sema mapema kliniki, maana trigliseridi zikizidi mno huweza kuumiza kongosho.

Mimi naogopa zaidi presha kupanda wakati wa mimba. Ukiona dalili hizi, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso kuvimba ghafla, maumivu chini ya mbavu za kulia: nenda hospitali saa hiyohiyo, hata usiku. Na siku ya kliniki, foleni iwe ndefu vipi, usikubali kupimwa uzito tu ukaondoka. Omba upimwe presha, na uhakikishe imeandikwa kwenye kadi.