Mchoro wangu unateleza nikizumu ramani, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi nasoma chuo hapa Dar, nimetengeneza ramani ya mtaa wetu kwa Leaflet, ile maktaba ya JavaScript ya kuweka ramani kwenye ukurasa wa wavuti, kuonyesha maji yanakojaa masika. Maeneo nimeyachora kwenye Inkscape, programu ya kuchorea, juu ya picha ya skrini, nikasevu kama picha ya PNG nikaibandika juu ya ramani kwa CSS, ile lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa. Ikifunguka inakaa vizuri kabisa ila ukizumu tu ramani inasogea, mchoro unabaki palepale. Na nataka mtu akigusa eneo aambiwe maji huwa yanafika wapi. Siku ya tatu hii silali vizuri. (Msomaji, Kigogo)

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole na kazi. Mchoro wako umeufunga kwenye kioo cha simu, hujaufunga kwenye ardhi. CSS inajua pikseli tu, toka juu mia mbili toka kushoto mia, haijui mto Msimbazi unapita wapi, sasa ramani ikiondoka yenyewe haina habari.

Kama mchoro unaupenda na hutaki kuupoteza, usevu SVG (mchoro wa mistari) badala ya PNG halafu uuweke kwa L.svgOverlay, unaitajia kona mbili, ya kusini-magharibi na ya kaskazini-mashariki, kwa latitudo na longitudo, basi utasogea na ramani popote itakapokwenda. Uandike na interactive: true, maana bila hiyo mguso unapita moja kwa moja kwenda kwenye ramani kama vile mchoro haupo.

Ila kwa ramani ya mafuriko mimi ningekuomba uchore upya, nasema kweli. Ulichora kwa kukadiria juu ya picha, na huko bondeni mita kumi ndiyo tofauti ya nyumba iliyoingia maji na isiyoingia. Bahati nzuri Dar kazi kubwa imeshafanyika, mradi wa Ramani Huria tangu 2015 umewatembeza wanafunzi wa vyuo pamoja na wenyeji mtaa kwa mtaa, wakaweka nyumba, njia na mitaro kwenye OpenStreetMap, ramani huru ya dunia. Washa ramani hiyo iwe chini ya mchoro wako, ufuate ukuta wa nyumba na mtaro wenyewe ulivyo, kila eneo poligoni yake (umbo lililofungwa), usevu GeoJSON, faili la kuhifadhi maumbo ya ramani kwa latitudo na longitudo. Na jina la OpenStreetMap na wachangiaji wake liache lionekane kwenye kona ya ramani, ni sharti la leseni yao na ni haki ya waliotembea juani.

Hapa kuna mtego unaowala wengi: Leaflet inataka latitudo kwanza, GeoJSON inataka longitudo kwanza. Dar ni kama -6.8 na 39.28. Ukiziandika kwa mpangilio huo ndani ya GeoJSON mtaa wako utauona Hispania, karibu na mpaka wa Ureno. Ukiziandika kwa mpangilio sahihi ila ukasahau alama ya kutoa utauona kusini mwa Ethiopia. Kwa hiyo mchoro "usipotokea" usianze kufuta msimbo, zumu nje kwanza uangalie umeangukia nchi gani.

Kuhusu kugusa, L.geoJSON inakupa onEachFeature, hapo kila eneo unalipa bindPopup yake (popapu, kidirisha cha maelezo kinachofunguka likiguswa), na ukitaka libadilike rangi likiguswa unatumia setStyle kwenye click. Usitegemee mouseover, watu wako wanafungua kwa simu na kidole hakielei juu ya kioo kama mausi. Ndani ya popapu usiandike sentimita. Andika "maji hufika magotini", "hufika kiunoni", mama mwenye nyumba atasoma na papo hapo atakwambia kama umekosea. Na akikwambia, mpe nafasi arekebishe: ongeza Leaflet-Geoman, nyongeza ya Leaflet ya kuchorea juu ya ramani, achore mwenyewe kwa kidole, halafu uchukue alichochora kwa toGeoJSON() ukitume kwenye seva. Hicho kipande cha mwisho ndicho wengi wanakisahau, mtu anachora robo saa, ukurasa ukifunguka upya kazi yake yote imepotea, na hatarudi tena.

SWALI: Habari, nimeweka visima vya kijiji kama miduara ila nikizumu nje vinakuwa vidogo mpaka havionekani, nikizumu ndani vinakuwa vikubwa kufunika nyumba. (Iringa)

JIBU: Umetumia L.circle, hiyo inapima kwa mita za ardhini, inafaa kuonyesha mathalani mita 400 kuzunguka kisima. Kwa kisima chenyewe tumia L.circleMarker, yenyewe ni pikseli, haibadiliki. Weka nusu kipenyo angalau 10, kidole si sindano.

SWALI: Sasa fundi, niko na ramani ya mashamba kama elfu sita, kwa laptop iko sawa lakini kwa simu ya bei rahisi inaganda kabisa. Ni ninunue seva kubwa? (Nakuru)

JIBU: Pesa yako iache kwanza ndugu yangu, seva haihusiki hapo. Leaflet kwa kawaida inachora kwa SVG, yaani kila shamba ni kitu kinachojitegemea ndani ya ukurasa na brauza inabeba vyote elfu sita. Unapoanzisha ramani andika preferCanvas: true, vitachorwa vyote kwenye turubai moja na popapu zitaendelea kufanya kazi kama kawaida. Halafu fungua faili la mashamba uangalie namba za latitudo na longitudo, nadhani utakuta desimali kumi na tano kila nukta, na desimali sita tu tayari ni kama sentimita 11 ardhini, zilizobaki ni mzigo wa bando la watu. Mwisho lipitishe faili kwenye Mapshaper, zana ya kurahisisha maumbo ya ramani, upunguze nukta. Kuna zana zinapunguza kila shamba kivyake, mpaka wa jirani na jirani unaachana unabaki mwanya katikati, na kwa mambo ya ardhi mwanya wa hivyo unaweza kuleta ugomvi. Mapshaper mpaka wa pamoja inauhesabu mara moja. Ukimaliza ijaribu kwenye ile simu ya bei rahisi, achana na laptop.