Usiwape wafanyakazi linki ya kuruka matengenezo

Usifanye hivyo usiku wa leo, ndugu yangu. Umeandika kwamba unahamisha hifadhidata ya hoteli yako hapo Malindi, kwamba utawasha swichi ya matengenezo ili wageni wasiweke nafasi, na wafanyakazi utawapa linki yenye "?matengenezo=hapana" wapite wakague. Unauliza kama itafanya kazi kwenye iPhone, na kama tangazo liwe na Kiitaliano pia. Mpango huohuo tuliuziwa sisi wa nyumba ya wageni huku Lamu, na fundi aliyetuuzia alikuwa ameshalipwa akaenda zake.

Sikiliza yaliyotupata. Ukiifungua linki ile, ukurasa unaandika neno moja kwenye localStorage, yaani hifadhi ndogo iliyo ndani ya kivinjari chenyewe, na tangu hapo tangazo la kufungwa halionekani tena. Fundi alituapia kwamba ni kwa muda tu. Muda gani? localStorage haiwekewi saa ya kuisha. Funga kivinjari, zima simu, fungua kichupo kingine cha tovuti ileile, neno bado lipo.

Ilikuwa karibu na Maulidi, kila mtu anatafuta chumba. Dada wa mapokezi akapigiwa simu na wageni wanaolalamika kwamba tovuti imefungwa, naye kwa roho nzuri akawatumia linki kwa WhatsApp. Simlaumu hata chembe, hakuna aliyemwambia kuwa ule ni ufunguo. Wageni wakaingia, wakachagua vyumba, wakalipa kwa M-Pesa, na pesa zikafika. Lakini data ilikuwa imeshanakiliwa kwenda hifadhidata mpya, na nafasi zao zikaandikwa kwenye ile ya zamani. Asubuhi tulipowasha mpya, mfumo hauwajui. Vyumba vyao vikauzwa kwa wengine.

Wakashuka jetini wakitoka Mokowe, wazee na watoto, ujumbe wa malipo mkononi, na mji umejaa pomoni. Tulizunguka vichochoroni tukibisha hodi majumbani mwa watu kuwaombea malazi. Pesa tuliwarudishia zote. Mama mwenye nyumba, aliyejenga jina lake kwa miaka mingi, alisimama mbele ya kila familia akiomba radhi kwa kosa asilolijua hata linavyotokea. Nikikumbuka, hasira zangu kwa yule fundi zinaanza upya, maana aliulizwa mapema kabisa: je, seva, yaani kompyuta inayopokea maombi ya tovuti, nayo inakataa nafasi mpya? Akajibu kwamba kitufe cha kuweka nafasi kikifichwa inatosha.

Haitoshi! Swichi ya kwenye kivinjari ni pazia tu. Mtu yeyote anayejua kufungua zana za wasanidi programu ndani ya Chrome ataibadilisha mwenyewe, linki yako asiihitaji. Na haikuishia hapo. Matengenezo yaliyofuata yalitumia swichi ya jina lilelile, na simu zilizopita mara ya kwanza zikapita tena. Swichi za zamani zimeangusha wakubwa pia: tarehe 1 Agosti 2012, Knight Capital, kampuni ya biashara ya hisa ya Marekani, ilitumia upya swichi yake ya zamani huku seva moja kati ya nane haijapata programu mpya. Msimbo ulioachwa siku nyingi ukaamka, na ndani ya kama dakika 45 kampuni ikapoteza zaidi ya dola milioni 400.

Shika hili hata ukiacha mengine yote: anayekataa kuandika ni seva. Kila ombi la kuweka nafasi au kulipa lijibiwe 503, namba ya kusema huduma haipatikani kwa sasa, pamoja na Retry-After inayosema ajaribu tena lini, kivinjari kiseme kinavyotaka. Mfanyakazi apate ruhusa kutoka kwa seva baada ya kuingia kwa akaunti yake, kwa kuki (alama ndogo ambayo seva huiweka kwenye kivinjari) iliyosainiwa ili isighushiwe, yenye HttpOnly ili msimbo wa ukurasa usiisome, na Max-Age ya sekunde 1800. Nusu saa ikipita, kuki imekufa, na akimtumia mgeni linki, kuki haiendi nayo. Hata huyo mfanyakazi aandike kwenye hifadhidata mpya tu, si ile ya zamani. Kama unajaribu mwonekano tu, mpangilio mpya wa ukurasa labda, tumia sessionStorage, hifadhi nyingine ya kivinjari ambayo hufutika kichupo kikifungwa.

Kabla hujanakili chochote usiku huu, washa swichi, kisha utume ombi la kuweka nafasi moja kwa moja kwa seva, bila kupitia ukurasa. Likijibiwa 503, endelea na kazi. Nafasi ikikubaliwa, ahirisha, umtafute anayeijua seva yako kesho.